Pipi Nyeusi ya Pontefract: Habari za Mzizi Mtamu na Wakulima Wake

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wanachama watakuta hesabu za mazao, picha za maghala, na majina ya wazee waliotangulia kupita vijijini wakiwashawishi wenzao waweke mazao yao katika mzani mmoja. Hayo yamo katika kurasa nyingine, nayo yameandikwa na watu wanaoyajua kuliko sisi. Sisi tumepewa kurasa chache za historia, tukaona vema tusirudie yale yale, bali tuwaeleze wasomaji habari za wakulima wa nchi ya mbali. Wakulima hao walilima zao moja kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi. Zao lile likafanywa pipi yenye sifa katika nchi nyingi. Pipi ingalipo hata leo, lakini mashamba yaliyoizaa yamekwisha.

Nchi yenyewe ni Uingereza, jimbo la Yorkshire, mji wa Pontefract, si mbali na Leeds. Jina la mji latokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya daraja lililovunjika. Wanachama wetu wote wamekwisha kusikia habari za Rochdale, ambako wafumaji na mafundi wachache walifungua duka lao la ushirika mwaka 1844. Rochdale iko upande wa magharibi wa milima ya Pennine. Pontefract iko upande wa mashariki. Kwa kuwa habari za Rochdale husimuliwa katika kila mafunzo ya ushirika, leo na tuvuke milima tukatazame upande wa pili.

Kwanza tuieleze pipi hiyo, maana si pipi ya kawaida. Waingereza huiita keki ya Pontefract, ingawa si keki hata kidogo. Ni kidonge bapa, cha duara, ukubwa wake kama sarafu, cheusi kama shubiri na chenye kung'aa, na juu yake kimepigwa chapa ya ngome. Mtu anayekitia kinywani mara ya kwanza hungojea utamu wa sukari. Utamu huja, lakini huja pole pole, na nyuma yake una ukali wa dawa, na uchungu kidogo, na harufu inayokaribia ile ya shamari. Kisha hukaa juu ya ulimi muda mrefu baada ya pipi yenyewe kumezwa. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaoipenda tangu utoto hadi uzeeni, wasiotaka pipi nyingine yo yote. Na wapo wanaoitema mara moja na kuomba maji. Walio katikati ni wachache. Katika nyumba moja baba humaliza mfuko mzima peke yake, si kwa ulafi, bali kwa sababu watoto hawataki hata kuugusa.

Wala Waingereza hawako peke yao. Wadachi na watu wa nchi za kaskazini ya Ulaya nao wana pipi nyeusi za mzizi huo huo, nao huzitia chumvi. Tena si chumvi ya jikoni, bali ni kloridi ya amonia, yenye kuwasha ulimi na kupanda puani. Wafini huiita salmiakki, na mgeni aonjeshwapo huko huwa ni kichekesho cha wenyeji. Tukilinganisha na hiyo, keki ya Pontefract ni pole.

Asili ya ladha hii ni mzizi, na mzizi huo si mgeni kabisa kwetu. Waarabu huuita irq as-sus, na jina hilo liliingia katika Kiswahili cha pwani likawa urukususu. Waganga wa Kiarabu na wa Kihindi wameutumia tangu zamani kutuliza kikohozi na maumivu ya tumbo, na huko Misri hufanywa kinywaji cheusi kinachopendwa sana wakati wa kufuturu katika mwezi wa Ramadhani. Jina lake la kitaalamu, Glycyrrhiza, latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mzizi mtamu. Utamu huo hautokani na sukari hasa, bali na kitu kiitwacho glisirizini, ambacho utamu wake ni karibu mara 50 ya ule wa sukari.

Mmea wenyewe wakulima wetu wangeutambua ukoo wake mara moja wakiyaona majani yake, maana ni jamaa ya kunde, maharagwe na njugu. Asili yake ni nchi za joto zilizoizunguka Bahari ya Kati na zile za magharibi ya Asia. Huko humea wenyewe porini, hata mahali pengine huhesabiwa kuwa ni magugu. Ulipofikishwa kaskazini ya Uingereza ulistahimili baridi, lakini kwa shida: ni nadra kutoa maua, na mbegu hautoi. Kwa hiyo mkulima wa Pontefract hakuweza kupanda mbegu. Ilimpasa kuchukua machipukizi na vipande vya mashina yatambaayo chini ya ardhi kutoka katika shamba lililokwisha kukomaa, akavipanda upya. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Ni nani aliyeuleta mmea huo? Wenyeji husimulia kwamba ni watawa, ambao nyumba yao ya kitawa ilianzishwa hapo Pontefract karibu na mwaka 1090. Wengine husema ni askari waliorudi kutoka vita vya Msalaba. Hizi ni hadithi nzuri, wala hatuna haja ya kuzigombania, ila hati zilizo wazi ni za baadaye sana, za karne ya 16 na ya 17. Chapa ya zamani kuliko zote inayojulikana ya kupigia vidonge vya urukususu ina mwaka 1614 na herufi mbili, GS, zinazodhaniwa kuwa za Sir George Savile. Na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Mfalme na Bunge, ngome ya Pontefract ilipozingirwa, ramani iliyochorwa mwaka 1648 ilionyesha mashamba ya urukususu karibu na kuta zake.

Ngome hiyo ilikuwa na sifa mbaya tangu zamani. Mfalme Richard wa Pili alifia humo mwaka 1400, akiwa mfungwa. Mwaka 1649, baada ya kuzingirwa mara tatu, watu wa mji wenyewe waliomba ibomolewe, nao wakakubaliwa. Mahali palipokuwa pa askari pakageuka kuwa shamba: urukususu ulipandwa ndani ya viwanja vya ngome, na vyumba vya chini ya ardhi, vilivyokuwa vimewekwa silaha na wafungwa, vikatumika kuhifadhia mizizi. Kwetu sisi, katika historia yote ya ngome ile, hiyo ndiyo kazi iliyo bora.

Sasa tuingie shambani, maana ndiko wasomaji wetu waliko. Urukususu hautaki ardhi yo yote. Hutaka udongo wenye kina kirefu, wa kichanga, usiotuamisha maji, ambao mzizi waweza kuupenya bila kugonga jiwe. Pontefract ilikuwa na udongo wa namna hiyo. Mashamba yalikuwa madogo, membamba na marefu, mengi yake nyuma ya nyumba, mfano wa bustani. Kabla ya kupanda, mkulima alichimba ardhi kwa jembe la mkono hata kina cha kiuno, akachanganya samadi nyingi sana. Majira ya kuchipua yalipowadia alipanda vipande vyake kwa mistari. Kisha akangoja.

Kungoja kwenyewe ndiko kulikokuwa na taabu. Mwaka wa kwanza hapana kitu. Mwaka wa pili hapana kitu. Mwaka wa tatu mzizi umenenepa, lakini bado. Mavuno yalikuja baada ya miaka mitatu, minne, au mitano. Mkulima wa kahawa aelewa maana ya kungoja hivyo. Lakini mkahawa ukianza kuzaa huzaa mwaka hata mwaka, na urukususu ukivunwa umekwisha, ukaanze tena. Ili asife njaa, mkulima wa Pontefract alipanda viazi na kabichi katikati ya mistari maadamu mimea bado ni michanga. Siku ya kuvuna ilikuwa kazi ya wanaume wenye nguvu. Waliufukua udongo kando ya mstari hata handaki likawa refu, wakaifuata mizizi iliyoshuka mita moja na zaidi, wakaing'oa pasipo kuikata, maana kipande kilichobaki chini kilikuwa fedha iliyobaki chini. Mizizi ilioshwa, ikasagwa na kuchemshwa, maji yake yakapikwa tena na tena hata yakawa mazito na meusi kama lami. Huo ndio uji uliofanywa vidonge.

Si Pontefract peke yake iliyojaribu kilimo hiki. Mji wa Worksop ulikuwa na mashamba yake, na Godalming huko kusini kadhalika. Lakini sehemu hizo ziliacha mapema, Pontefract ikaendelea. Na watu wake walijua kwamba wana kitu. Mwaka 1701 baraza la mji lilipitisha amri ya kukataza machipukizi na vipande vya kupandia visiuzwe wala visitolewe bure kwa mtu wa nje ya mji. Tuliwaambia wasomaji wakumbuke kwamba mmea huu hautoi mbegu huko. Basi amri hiyo ilikuwa na akili: aliyemiliki vipande vya kupandia ndiye aliyemiliki kilimo chote. Ilikuwa njia ya kuulinda utajiri wa wakulima kwa kuufunga mlango wa shamba.

Lakini utajiri ulitoka kwa mlango mwingine. Hata wakati huo vidonge vya urukususu vilikuwa dawa. Viliuzwa na wauza dawa kwa ajili ya kifua na tumbo, na aliyevinunua alikuwa mgonjwa. Mwaka 1760 mwuza dawa mmoja wa Pontefract, George Dunhill, alitia sukari katika uji ule mweusi. Jambo dogo! Lakini kwa jambo hilo dogo dawa ikawa pipi, na mnunuzi hakuwa tena mgonjwa bali kila mtoto mwenye senti mkononi. Soko likapanuka mara nyingi kupita lilivyokuwa.

Hapa hapana budi tuseme neno juu ya sukari yenyewe. Sukari ya Waingereza ya mwaka 1760 ilitoka katika visiwa vya Karibi, kama Jamaika na Barbados, na iliyoilima ilikuwa mikono ya watumwa waliotolewa Afrika. Utumwa katika nchi hizo haukukomeshwa mpaka miaka ya 1830. Yorkshire ilitoa mzizi, mwuza dawa alitoa maarifa, na Mwafrika aliyefungwa minyororo alitoa utamu. Katika vitabu vya kuusifu mji, habari za Dunhill hukaa mahali pa mbele. Habari za miwa ni nadra kutajwa. Sisi tunazitaja, maana zimo ndani ya pipi.

Katika karne ya 19 viwanda viliongezeka. Ukoo wa Dunhill ulikuwa na chake, na penginepo palikuwa na vya Wilkinson, Hillaby, Ewbank, na Robinson na Wordsworth. Kila kidonge kilipigwa chapa kwa mkono, na wenye kazi hiyo walikuwa wanawake. Mbele ya mwanamke ziliwekwa bonge ndogo za urukususu zilizo laini, naye alishika chapa mkononi, akabonyeza moja, akabonyeza ya pili, tangu asubuhi mpaka jioni. Husimuliwa kwamba fundi mwenye mkono mwepesi aliweza kupiga vidonge 30,000 kwa siku moja. Msomaji na agawanye hesabu hiyo kwa saa za kazi, ndipo atakapojua kazi hiyo ilikuwa ya namna gani. Kazi ya mkono iliendelea mpaka miaka ya 1960, mitambo ilipochukua mahali pake.

Chapa hiyo ya mwanamke ilipata kufanya kazi nyingine mara moja, nayo ni kazi ya heshima. Hata mwaka 1872 Waingereza walipiga kura hadharani. Mpiga kura alisimama mbele ya watu akamtaja anayemtaka, huku mwenye shamba alilokodi au bwana wake wa kazini akisikia. Bunge likapitisha sheria ya kura ya siri katika mwezi wa Julai mwaka huo. Haukupita mwezi, ukatokea uchaguzi mdogo huko Pontefract, maana mbunge wao Hugh Childers alipewa uwaziri, na sheria ya siku zile ilimtaka waziri mpya arudi kwa wapiga kura wake. Hivyo tarehe 15 Agosti 1872 Pontefract ikawa mji wa kwanza wa Uingereza kumchagua mbunge kwa karatasi za siri. Masanduku ya kura yalipofungwa palihitajika muhuri wa kupiga juu ya lakiri, muhuri usioweza kuigwa na mtu mdanganyifu. Wakaazima chapa ya kiwanda cha Dunhill. Childers alipata kura 658, na mshindani wake, Viscount Pollington, kura 578. Sanduku mojawapo lingali katika nyumba ya makumbusho ya mji huo, nalo bado lina alama ya ngome ya pipi juu ya lakiri. Wanachama wanaotumbukiza karatasi zao katika mkutano mkuu wa kila mwaka, huku viongozi wakigeuza nyuso zao upande, wana ujamaa fulani na sanduku lile.

Twarudi kwenye mashamba. Viwanda vilipokua, kiasi cha mizizi kilichohitajika kilipita uwezo wa bustani za nyuma ya nyumba. Wakati huo huo wafanya biashara wa Kiingereza waliukuta urukususu wa porini katika bonde la mto Menderes, nchini Uturuki. Huko haukulimwa. Wanavijiji waliuchimba tu, wakaukausha, wakauuza kwa ratili, nao ukapelekwa mpaka bandari ya Izmir, ambako reli ya kwenda Aydin ilimalizika mwaka 1866. Mingine ilitoka Hispania na Italia. Mara nyingi haikusafirishwa mizizi yenyewe bali maji yake yaliyopikwa na kugandishwa yakawa mabamba magumu, mepesi kupakia melini. Sehemu kubwa ya mabamba hayo ilikwenda Marekani, wala si kwa pipi bali kwa kulainishia tumbako.

Wasomaji wetu waweza kuitengeneza hesabu wenyewe. Upande huu kuna mkulima aliyelipa kodi ya ardhi, akachimba mpaka kiunoni, akamwaga samadi, akangoja miaka minne. Upande huo kuna mzizi wa bure uliomea wenyewe chini ya jua kali. Mwenye kiwanda alinunua ule wa ng'ambo. Hatuwezi kumlaumu kana kwamba alitenda uhalifu. Alitenda kama wafanya biashara watendavyo. Lakini tutazame mambo yalivyokaa. Wakulima wa Pontefract walikuwa wameulinda mche kwa amri ya baraza, wala hawakuwa wameilinda sufuria wala chapa. Sufuria na chapa vilikuwa mikononi mwa wenye viwanda, na jina la mji lilikuwa juu ya chapa. Siku ile mizizi ya Uturuki ilipotiwa katika sufuria ile ile, ikapigwa chapa ile ile, pipi iliyotoka iliitwa bado keki ya Pontefract, na mtoto aliyeinunua hakuona tofauti. Kwa maoni yetu, mlango uliokuwa ukivuja haukuwa ule uliofungwa mwaka 1701.

Yafaa kutaja jambo moja la kuchekesha. Watu wa Yorkshire wenyewe, katika lugha yao ya nyumbani, waliuzoea mzizi huo kwa jina la Mhispania. Wengine husema ni kwa sababu ya watawa wa zamani, wengine husema ni kwa sababu ya mabamba yaliyotoka Hispania. Vyo vyote iwavyo, zao lililowapa sifa waliliita kwa jina la watu wengine.

Mashamba hayakufa kwa siku moja. Yalipungua shamba baada ya shamba, mtoto akikataa kazi ya baba yake, au nyumba zikijengwa penye bustani. Vita vya pili vya dunia vilirudisha uhai kidogo. Tangu Julai 1942 mpaka Februari 1953, ukiacha miezi michache ya mwaka 1949, pipi zilitolewa kwa kipimo nchini Uingereza, na watoto walitafuna vijiti vya urukususu vikavu kama walivyotoka ardhini. Wazee wengi wa nchi ile hukumbuka ladha ya kijiti hicho kuliko ladha ya pipi. Mshairi John Betjeman aliyataja mashamba ya Pontefract katika shairi lake lililotoka mwaka 1954, lakini wakati huo yalikuwa yamekwisha kuwa machache. Haukupita muda mrefu kilimo cha biashara kikakoma kabisa.

Viwanda navyo viliuzwa na kununuliwa. Haribo, kampuni iliyoanzishwa na Hans Riegel mwaka 1920 katika mji wa Bonn, Ujerumani, iliingia katika kiwanda cha Dunhill katika miaka ya 1970, na mwaka 1994 ikakimiliki chote. Kiwanda cha Wilkinson nacho kilipita mikononi mwa wenyewe kadha wa kadha. Kazi haikuondoka Pontefract, na hilo ni jambo la kushukuriwa, maana watu wengi wa mji wamepata mishahara yao humo. Lakini maamuzi hufanywa mahali pengine, na mzizi hutoka mahali pengine.

Je, ingaliwezekana kuwa vingine? Wakulima wengine wa Ulaya walitafuta dawa ya jambo hili. Huko Calabria, kusini ya Italia, ambako urukususu humea vizuri, jina la urukususu wa Calabria lililindwa kwa sheria ya Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Anayelitumia hana budi kutumia mzizi uliotoka Calabria. Na wala hatuna haja ya kwenda Italia. Karibu kabisa na Pontefract, katika mashamba yaliyo kati ya Wakefield na Leeds, wapo wakulima wa rubabu, mmea ambao mashina yake mekundu, yenye ukali, hukuzwa gizani na kuvunwa kwa mwanga wa mishumaa. Wao walilipatia jina la rubabu yao ya Yorkshire ulinzi kama huo mwaka 2010. Walifanya hivyo wakulima wangali wapo. Pontefract, jina lilipokuja kuwa na thamani ya kulindwa na mkulima, mkulima mwenyewe hakuwako.

Kabla ya kumaliza, tutoe onyo la afya, maana huenda msomaji fulani akapelekewa mfuko wa pipi hizi na ndugu aliye ng'ambo. Glisirizini, ambayo ndiyo utamu wa mzizi huu, hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasi mwilini. Wakuu wa afya wa Marekani wamewaonya watu waliopita miaka 40 kwamba kula kiasi cha gramu 57 kila siku kwa majuma mawili kwaweza kuuharibu mwendo wa moyo. Chache hazina neno. Mwenye shinikizo la damu na aziache kabisa, na mjamzito kadhalika.

Katika miaka ya karibuni mji wa Pontefract umeanza kuukumbuka mmea wake. Hufanywa sikukuu ya urukususu katika mwezi wa Julai, wenyeji wakivaa nguo nyeusi na kuuza mikate, soseji, jibini, hata pombe iliyotiwa ladha ile, na wageni hugawanyika kama kawaida, wengine wakirudi kununua tena na wengine wakitafuta mahali pa kutema. Na katika shamba moja karibu na mji, urukususu umepandwa upya. Ni mistari michache tu, haitoshi hata kujaza sufuria moja ya kiwanda. Vipande vya kupandia vilichukuliwa, udongo ukachimbwa kwa kina kama zamani, na mwenye shamba akangoja miaka yake, kama walivyongoja waliomtangulia, kabla ya kuchimba kando ya mstari ili auone mzizi umeshuka kiasi gani.